Binti wa fidla na mkataba wa Ijumaa na Jumamosi

Mkataba ulikuwa wa kurasa tatu. Mamake Binti aliutoa kwenye bahasha ya kaki, akauweka juu ya kasha la fidla, akasema, "Mwalimu, usome kwanza, halafu ndiyo useme." Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, chumbani kwangu ghorofani Kibokoni, Mombasa, feni inazunguka bila kupoza kitu. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka akisugua ulimbo kwenye upinde, mara nyingi kuliko inavyohitajika, maana alijua anayezungumziwa ni yeye.

Ana miaka 9. Nimemfundisha tangu ana miaka 5. Jina lake sitalitaja, wala la mwandaaji wa sherehe aliyeandika mkataba ule, wala la hoteli, isipokuwa iko ng'ambo ya daraja la Nyali. Ninakiandika kisa hiki kwa idhini ya wazazi wake, kwa sababu tangu yatokee nimeulizwa na wazazi wengine watatu swali lile lile: mtoto akionekana wa ajabu, mzazi afanye nini?

Masharti yalisomeka vizuri kwa mtu mwenye njaa. Binti apige fidla kila Ijumaa na Jumamosi usiku kwa miaka miwili, dakika arobaini kila usiku, kwa shilingi 12,000 kwa usiku. Mavazi juu ya mwandaaji. Usafiri juu ya mwandaaji. Picha na sauti zote atakazorekodiwa ni mali ya mwandaaji, hata baada ya mkataba kwisha. Akikosa usiku mmoja, familia irudishe malipo ya siku mbili.

Mwezi uliotangulia alikuwa amealikwa kupiga vipande viwili kwenye harusi ya jamaa zao, katika ukumbi wa hoteli hiyo hiyo. Fidla yake ilikuwa imekaa kwangu wiki nzima, msimu wa kaskazi, hewa nzito ya bahari inaingia dirishani mchana na usiku. Mbao hunywa unyevu huo. Vigingi vya kukazia nyuzi huvimba ndani ya matundu yake mpaka mtoto hawezi kuvizungusha bila mkono wa mtu mzima. Siku ya harusi ikapelekwa ukumbini mapema, ikaachwa jukwaani mbele ya mashine ya ubaridi tangu alasiri hadi saa tatu usiku. Ubaridi ule hukausha. Kigingi kilichovimba kikanywea, na kigingi kilichonywea hakishiki. Katikati ya utunzi wa Vivaldi, ile koncheto (utunzi wa chombo kimoja kikitangulia okestra) ya A maina ambayo kila mwanafunzi wa fidla huipitia, uzi wa A, mmoja wa nyuzi nne za fidla, G, D, A na E, ukalegea na sauti yake ikaporomoka.

Mtu mzima angesimama, akakaza uzi, akaomba radhi, akaanza upya. Binti hakusimama. Noti za uzi wa A alizihamishia uzi wa D, akizitafuta juu kabisa kwenye ubao wa vidole, na zile za juu zaidi akazipeleka uzi wa E. Akamaliza. Alikosea mara mbili tatu, lakini waliosikia makosa hayo ukumbini hawakuzidi watu wawili, mimi nikiwa mmoja wao. Vigelegele vilisikika mpaka jikoni. Nami nilishangilia, sitasema uongo. Mtu akawa amerekodi kwa simu, na kabla ya Jumatatu kila mtu Mji wa Kale alikuwa ameiona.

Nilipoiona video ile nilimkumbuka Midori, mpiga fidla mzaliwa wa Osaka, Japani. Julai 1986, huko Tanglewood, Marekani, akiwa na miaka 14, alikuwa akipiga utunzi wa Leonard Bernstein, na Bernstein mwenyewe ndiye aliyeongoza okestra. Uzi wa E ukakatika. Akachukua fidla ya kiongozi wa wapiga fidla, kubwa kuliko yake, akaendelea. Uzi wa E wa fidla hiyo nao ukakatika. Akachukua ya tatu, akamaliza utunzi wote kama aliyesimama kufunga kamba ya kiatu tu. Gazeti la New York Times liliiweka habari hiyo ukurasa wa mbele. Wanaoisimulia hadithi hiyo kwa kawaida huishia hapo, kwenye makofi. Hawafiki miaka ya baadaye, alipokuwa ameingia ishirini na kitu, akaugua maradhi ya kujinyima chakula, akalazimika kupumzika, akaenda chuo kikuu kusoma saikolojia. Alirudi, na amekuwa mwalimu mkubwa. Lakini katikati pale palikuwa na shimo, na video ya harusi haina sehemu ya kuonyesha shimo.

Nyumbani kwa Binti kulikuwa na pande mbili. Mamake alisema samaki mkunje angali mbichi. Nyanya yake, ambaye tangu mwanzo kila mtu akimsifu mtoto humtaka kwanza aseme mashallah, akajibu kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Methali zikigongana namna hiyo huwa hazimsaidii mtu. Babake, ambaye hufanya kazi bandarini na huongea kwa nadra, hakusema kitu.

Kwa hiyo Jumapili ile sikuanza na mkataba. Nilimsimulia mamake Binti habari za mpiga fidla Yehudi Menuhin.

Menuhin alizaliwa New York mwaka 1916, wazazi wake Wayahudi waliohamia Marekani. Babake, Moshe, alifundisha Kiebrania. Kwa lugha yetu, mwalimu wa chuo, yaani wa madrasa. Walipohamia San Francisco walikuwa wakimbeba mtoto kwenda naye kwenye matamasha ya okestra kwa sababu hawakuwa na pesa za kumlipa wa kumwangalia. Huko mtoto akamwona Louis Persinger, kiongozi wa wapiga fidla, na alipokaribia miaka minne akaomba vitu viwili: fidla, na huyo Persinger amfundishe. Rafiki wa familia akamletea fidla ya kuchezea, ya bati. Mtoto akaijaribu, ikatoa mlio wa mkebe, akaitupa chini na kulia kwa hasira. Nampenda sana kwa tendo hilo. Mtoto anayetaka kusifiwa tu angeikubali ile ya bati, maana picha ingetoka vizuri vile vile.

Fidla ya kweli ikapatikana, na baada ya mwalimu wa mwanzo akafika kwa Persinger. Na hapa ndipo kisa kinapoanza kutuhusu. Persinger alikuwa mwalimu mpole. Alimpigia mtoto kipande, mtoto akakirudia. Menuhin alikuwa na sikio ambalo halikuhitaji kuelezwa jambo: akisikia, mkono unafuata. Skeli, yaani noti zikipandwa na kushukwa ngazi kwa ngazi, na mazoezi makavu hakuyapenda, na Persinger hakumlazimisha sana. Nani angemlazimisha? Mtoto wa miaka saba, minane, anapiga vitu ambavyo wakubwa wanavihangaikia miaka kumi. Unamrudisha kwenye alifu kwa ujiti kwa sababu gani?

Mwanasheria mmoja tajiri wa San Francisco, Sidney Ehrman, akagharimia familia yote kwenda Ulaya. Persinger alitaka mwanafunzi wake aende Brussels kwa Eugène Ysaÿe, aliyekuwa mwalimu wake mwenyewe. Mzee Ysaÿe alikuwa mmoja wa wapiga fidla wakubwa kuliko wote wa zama zake. Mtoto akampigia kipande cha mtunzi Lalo, kigumu, chenye mbwembwe, na Ysaÿe akaonekana kuridhika. Kisha akasema: sasa nipigie arpejio ya A meja, ipande mpaka juu. Arpejio ni noti zinazopatana kiasi cha kuweza kupigwa pamoja, zikipigwa moja moja kwa kupanda na kushuka. Ni zoezi la darasani, halina uzuri wowote. Menuhin alikuja kusimulia mwenyewe utu uzima wake kwamba alipapasa kwenye ubao wa vidole kama panya kipofu. Ysaÿe akamwambia afanye mazoezi ya skeli na arpejio. Mtoto hakurudi tena kwa Ysaÿe. Alikuwa amekwisha kumpenda mwalimu mwingine, George Enescu, Mromania aliyekuwa Paris, na Enescu alifundisha muziki kwa muziki, bila kumfungia mtu kwenye arpejio.

Hapo mamake Binti aliniuliza: basi akashindwa?

Hapana. Hilo ndilo linaloudhi katika kisa hiki. Novemba 1927, akiwa na miaka 11, alisimama katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York na koncheto ya Beethoven. Mwongozaji wa okestra, Fritz Busch, mwanzoni hakutaka hata kusikia habari ya mtoto na Beethoven. Inasimuliwa kwamba vidole vya mtoto havikuwa na nguvu ya kuzungusha vigingi, akampa kiongozi wa wapiga fidla amkazie nyuzi, kisha akapiga mpaka watu wakasahau umri wake. Nilipofika hapo Binti aliacha kusugua ulimbo, akanitazama. Aprili 1929 akapiga Berlin, Bruno Walter akiongoza, koncheto tatu kwa usiku mmoja: Bach, Beethoven na Brahms. Alikuwa bado hajatimiza miaka 13. Mwaka 1932, akiwa na miaka 16, alirekodi koncheto ya Edward Elgar, Elgar mwenyewe akiongoza, mzee wa miaka 75. Kabla ya kurekodi, Elgar alimsikiliza kidogo, akaona mambo yako sawa, akaenda zake kwenye mbio za farasi. Santuri ile bado inauzwa leo, na ukiisikiliza huwezi kusema huyu ni mtoto anayeiga.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba msingi usipokamilika nyumba huanguka kesho. Inaweza kusimama miaka kumi na mitano, watu wakapanga ndani.

Mwaka 1935 Menuhin alizunguka dunia, matamasha zaidi ya 100 katika nchi kadhaa. Alikuwa na miaka 19. Mwaka uliofuata akasimama, akapumzika karibu mwaka mmoja na nusu katika milima ya California. Akaoa mwaka 1938. Vita vikaja, akawapigia wanajeshi mamia ya matamasha, na Julai 1945 yeye na Benjamin Britten, kwenye piano, wakawapigia walionusurika kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen. Na katika miaka hiyo mkono ukaanza kumkataa. Alipokuwa mtoto hakuwahi kujiuliza anafanyaje. Sasa alijiuliza, na hakuwa na jibu. Upinde ukatetemeka mahali ambapo zamani ulikwenda wenyewe. Mtu aliyepiga Beethoven Carnegie Hall akajikuta, karibu na miaka 30, anajifundisha upya namna ya kushika upinde, mbele ya watu waliolipa tiketi kumsikia Menuhin. Santuri za miaka hiyo na iliyofuata zina mahali ambapo muziki ni wa malaika na sauti inakwaruza. Ni arpejio ya Ysaÿe hiyo, imekuja kudai.

Mwaka 1952 alikutana India na mwalimu wa yoga, B.K.S. Iyengar, akajifunza kupumua, kusimama, kulegeza bega. Baadaye alimzawadia Iyengar saa ya mkononi iliyochorwa maneno ya kumwita mwalimu wake bora wa fidla. Mtu aliyefundishwa na Persinger na Enescu! Sioni dharau kwa walimu wake ndani ya maneno hayo. Iyengar alikuwa mtu wa kwanza kumwonyesha mwili unafanyaje kazi, na mwili ndio alioukosa kuujua. Mwaka 1963 akaanzisha shule yake Uingereza ya watoto wenye vipaji, wasome muziki na masomo mengine pamoja, wakiwa na watoto wenzao. Yeye alikuwa hajawahi kusoma shule ya kawaida. Wazazi walimsomesha nyumbani na dada zake wawili.

Mamake Binti ni mwepesi kuliko mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na alikufa akiwa nani, Mwalimu?"

Nikasema: alifariki Berlin mwaka 1999, alikuwa amepewa cheo cha ulodi Uingereza.

"Lodi!" Akacheka, akapiga paja. "Basi hilo deni lalipika! Mimi na wanangu twadaiwa kodi ya nyumba na hatupati hata ushehe."

Ni hoja, na sikuipuuza. Nilimjibu kwamba deni lile lililipika kwa sababu waliomzunguka walikuwa na vya kulipia. Ehrman alikuwa na pesa. Wazazi wake, pamoja na ukali wao, walikataa matamasha mengi kuliko waliyoyakubali alipokuwa mdogo. Wengine hawakupata nafasi ya kulipa. Mpiga fidla Michael Rabin wa New York alipanda Carnegie Hall mwaka 1950 akiwa na miaka 13. Ufundi wake haukuwa na kasoro, maana mwalimu wake, Ivan Galamian, alikuwa amemfunza kila skeli iliyopo duniani, na mamake alisimamia mazoezi kwa mkono wa chuma. Alipokua akaingiwa na hofu ya kuanguka kutoka jukwaani. Dawa zikafuata. Alifariki Januari 1972, baada ya kuteleza nyumbani kwake, akiwa na miaka 35. Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba dawa ni skeli tu. Rabin alikuwa na skeli zote.

Baada ya hapo nikamwita Binti asimame. Nilimwambia anipigie skeli ya A meja, oktavo tatu (yaani mizunguko mitatu ya noti nane kwenda juu), polepole, upinde mzima. Sikumwambia kwa nini.

Oktavo mbili za mwanzo zilikuwa safi. Kwenye uzi wa E, pale mkono wa kushoto unapotakiwa kuruka kwenda juu, akaruka, akapatia. Nikasema rudia. Akaruka, akapatia. Nikasema tena, polepole zaidi. Safari hii akakosea, akatua pembeni kidogo ya noti, akaisogeza kwa haraka kabla sijaisikia, ingawa niliisikia. Nikainama kutazama mkono wake. Kidole gumba kilikuwa kimebana shingo ya fidla kama kaa aliyeshika mwamba. Hakisogei. Mkono ulikuwa unaruka na kidole gumba kinabaki nyuma, halafu kinavutwa. Kwenye kipande cha kasi jambo hilo halionekani, maana sikio lake linawahi kurekebisha. Kwenye skeli ya polepole hakuna pa kujificha.

Nikamuuliza, "Unajuaje ni wapi pa kutua?"

Akafikiri sana. Akasema, "Naisikia kichwani, halafu iko."

Nilikaa chini. Fidla aliyonayo ni ya saizi ya nusu. Kwa jinsi anavyorefuka, kabla ya mwaka kwisha atahamia ya robo tatu, halafu kubwa. Kila saizi ikibadilika, umbali kati ya noti hubadilika, na mkono unaojua "iko" bila kujua imefikaje huanza kuitafuta gizani. Mtoto wa kawaida hupotea wiki mbili, akarudi. Mtoto anayepanda jukwaani Ijumaa na Jumamosi hana wiki mbili. Atabana zaidi, kwa sababu kubana ndiyo njia pekee aijuayo ya kutokosea mbele ya watu, na usiku ule wa harusi alipigiwa vigelegele kwa kubana huko huko.

Hapa lazima niseme kitu kinachonihusu. Persinger wa kisa hiki ni mimi. Kidole gumba kile hakikuanza mwezi jana. Nilikiona akiwa na miaka sita, nikasema nitakirekebisha. Kisha akapiga wimbo wa taarabu kwa kusikia mara moja, na zile noti zake zote za kuteleza ndani, ambazo mimi nilizipata baada ya kukaa miaka nyuma ya mafundi waliokaza nyuzi za fidla zao sol-re-sol-re (G-D-G-D) kama Waarabu. Nikafurahi mno. Nikampa kipande kingine, na kingine. Kila mzazi aliyekuja kuulizia masomo nilimwita Binti apige kwanza. Amekuwa bango langu miaka mitatu. Mwandaaji yule wa hoteli alitaka kuniiga tu, kwa bei nzuri zaidi.

Kuhusu mkataba wenyewe nitasema kwa ufupi, maana upande huu ni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 56, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13 katika shughuli ya namna yoyote, awe analipwa au halipwi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kazi ya kunyonywa. Kupiga fidla kwenye harusi ya shangazi si ajira. Usiku mbili kila wiki kwa ratiba, malipo na faini ni ajira, hata mkataba ukiupamba jina gani. Na hesabu: Ijumaa na Jumamosi kwa mwaka ni mara 104. Safari aliyoifanya Menuhin akiwa na miaka 19, iliyomfanya asimame, ilikuwa na idadi kama hiyo. Huyu ana 9, Jumatatu ana shule, na jioni ana chuo mpaka magharibi.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1887 mpiga piano Josef Hofmann, mtoto wa miaka 11 kutoka Poland, alipelekwa Marekani na kupigishwa matamasha kwa makumi mpaka chama cha kuwalinda watoto cha New York kikaingilia kati. Tajiri mmoja, Alfred Corning Clark, akatoa dola 50,000 kwa sharti kwamba mtoto asipande jukwaani mpaka atimize miaka 18. Hofmann akaenda kusoma, akarudi jukwaani mwaka 1894, akawa miongoni mwa wapiga piano wakubwa kabisa. Mamake Binti aliposikia akasema, "Huyo Klaki namtaka mimi. Nambie yuko mtaa gani."

Hilo ndilo swali halisi la kisa hiki, na ninakiri sina jibu lake. Ushauri wa "msubiri akue" hutolewa na watu ambao kodi yao imelipwa. Shilingi 96,000 kwa mwezi ni zaidi ya anachopata babake. Fidla ya robo tatu yenye sauti inayostahili mtoto huyu haipatikani kwa akiba ya mahamri anayouza mamake asubuhi. Yeye hakuwa mama mwenye tamaa. Alipiga hesabu zake akaona fidla inayofuata imo ndani ya mkataba ule.

Tulikutana siku ya Alhamisi baada ya isha, nyumbani kwao. Nyanya, baba, mama, mimi, na jamvi, na kahawa chungu. Mamake alisoma mkataba kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Babake alinyamaza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Akiumwa siku moja, twalipa sisi?" Mamake akarudi kwenye ukurasa wa pili, akasoma tena kile kifungu cha faini. Babake akasema, "Basi mwanangu si mpigaji hapo. Ni mdeni." Akanyanyuka kwenda kumtazama mtoto kama amelala.

Tuliyokubaliana yaliandikwa nyuma ya bahasha ile ile. Mkataba haukutiwa saini. Binti atapiga mbele ya watu mara moja kila muhula wa shule, mchana, na atachagua mwenyewe kipande kimoja kati ya viwili. Video hazitawekwa mtandaoni. Mimi nitamfundisha bila malipo mpaka mkono urekebike, na hapo mamake alitaka kukataa, nikamwambia si sadaka, ni fidia. Nimeandikia watu wawili Nairobi kuulizia fidla ya kuazima ya robo tatu. Mpaka naandika hapa mmoja amejibu kwamba iliyopo ina ufa.

Miezi miwili imepita. Wiki sita za mwanzo Binti hakupiga kipande hata kimoja kwangu, na alinichukia, hasa wiki ya pili. Tulifanya kazi ya kidole gumba: kukilegeza, kukisogeza kwanza kabla ya mkono, kama mtu anayetanguliza mguu kwenye boti kabla ya kuhamisha uzito. Sauti yake iliharibika. Alipiga vibaya kuliko alivyopiga ana miaka saba, na mamake alisimama mlangoni siku moja akasikiliza, akanitazama bila kusema neno, akaondoka. Nyumbani aliniandikia ujumbe: "Mwalimu, mtoto yuwalia usiku. Asema mumemnyang'anya fidla."

Sikulala vizuri siku ile. Huenda nimemfanyia kwa makusudi kile ambacho Menuhin kilimjia bila kutaka, nikamfanya ajiulize "nafanyaje" kabla ya wakati wake. Tofauti ninayoishikilia ni kwamba yeye anajiuliza chumbani Kibokoni, mbele ya feni na mimi, na akikosea hakuna mtu aliyelipa kiingilio.

Jumapili iliyopita alipanda A meja mpaka juu, akasimama kwenye noti ya mwisho bila kuishusha. Kidole gumba kilikuwa kimefika pamoja na mkono. Muuza kahawa alikuwa akipita chini akigonganisha vikombe, na Binti akaunga mlio ule kwa noti ile ile, akaiteremsha kwa kuiteleza kama mwimbaji wa taarabu, kinyume kabisa na nilichomwambia. Nikamwambia arudie skeli.

Nasikia hoteli ile imeshapata mtoto mwingine, wa miaka 11, anapiga kinanda. Na jana mamake Binti ameniandikia tena, hakunisalimia hata: muhula unafunguliwa Jumatatu, mwenye nyumba amekuja mara mbili, na yule mwandaaji amempigia simu akasema bado nafasi ipo.

Sijamjibu. Nangoja nijue la ile fidla yenye ufa, kama fundi anaweza kuuziba.